Mwaka wa Kutafuta Kimya Panda

Kwenye matanga ya Profesa Kalenga, mheshimiwa mmoja mwenye suti ya bluu alishika mikrofoni akatutangazia kwamba marehemu ndiye aliyevumbua mawimbi ya uvutano. Watu wakapiga makofi. Akafuata mchungaji, akasema Mungu alimpa marehemu sikio la kusikia siri za chini ya ardhi, na watu wakaitika amina. Kisha akasimama mwalimu mmoja wa fizikia, mtu niliyekuwa nimemwekea tumaini, naye akaeleza kuwa mashine kubwa za ng'ambo zinazosikiliza nyota bila shaka zina kobalti ya mji wetu wa Likasi ndani yake, kwa hiyo sisi sote pale, hata waliokuja kula tu, tumeichangia sayansi ya dunia. Makofi tena, na marefu zaidi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wakavu wa bitoyo mapajani, nikahisi ikinipanda ile hasira ya zamani ambayo mtu mmoja tu alijua kunitia, na mtu huyo tulikuwa tumemzika asubuhi ile ile. Nilijua kabisa angeninong'oneza nini: "Solange, unasikia bale bantu? Simama! Ubaambie!" Sikusimama. Mama Clarisse, mjane wake, aliniangalia kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akatikisa kichwa kidogo kana kwamba anasema, waache, mwanangu, wamalize. Basi niliwaacha wamalize, lakini nimeshindwa kuliacha jambo lenyewe, na ndiyo maana nauandika mwaka ule.

Habari za kwetu na za kuzaliwa kwangu haziingii hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana mwenye diploma ya elektroniki na hasira nyingi, kwa sababu kila kiwanda nilichobisha hodi kiliniambia kinatafuta mwanamume mwenye uzoefu. Profesa alikuwa amenifundisha fizikia. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye masharubu mazito kupita uso wake, aliyesoma Ulaya kisha akarudi Likasi kwa hiari yake, jambo ambalo majirani zake wa mtaa wa Panda walilichukulia kama dalili ya ugonjwa. Siku moja alinikuta sokoni nikichagua mboga ya lengalenga, akaniuliza bila hata kunisalimia kama najua kuchomelea waya vizuri. Nikasema najua. Akasema: "Bon. Kesho asubuhi ukuye kwangu. Uvae nguo ya kazi. Na usile kitunguu, mule ndani haiko hewa mingi."

Kazi yenyewe alinieleza mezani kwake, huku Mama Clarisse akitupakulia, na aliieleza vibaya, kama kawaida yake, akianzia katikati. Nilichoelewa baada ya siku nyingi ni hiki. Nyota mbili zilizokufa, nzito kupita akili, zikizungukana mpaka zigongane, nafasi yenyewe inatikisika. Inavutika na kubanwa, na mtikisiko huo unasafiri mpaka kwetu. Ukitufikia umedhoofika kiasi kwamba dunia nzima inavutika kwa kipimo kidogo kuliko atomu moja. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wameshayasikia mawimbi hayo kwa mashine zao, na sasa walikuwa wakiota mashine nyingine, ya kufukiwa chini kabisa ya ardhi. Lakini mashine kama hiyo inasikia kila kitu: hatua za mbuzi, lori, upepo kwenye miti. Kwa hiyo kikundi kimoja cha watafiti kiliomba kila nchi iliyotaka kushiriki itafute mahali patulivu, ipime utulivu wa ardhi yake mwaka mzima bila kukatiza, na kuwapa vipimo hivyo. Nchi ambayo vipimo vyake vingekubaliwa ingeandikwa jina kati ya zilizochangia, na kijana wake mmoja angepelekwa kusomea kazi hiyo. Kijana wa kwetu angekuwa mimi. Profesa alilisema hilo mara moja tu, akitafuna, kisha akarudi kwenye habari za nyota. Mimi sikusikia tena kitu kingine chochote jioni ile.

Mahali tulipopata palikuwa handaki la zamani kwenye kilima nyuma ya Panda, lililochimbwa na watafuta madini wa enzi za wakoloni na kuachwa. Mlangoni lilikuwa limeota majani. Ndani lilikuwa refu, la jiwe gumu, na lenye baridi inayoingia kwenye meno. Karibu na mwisho tulijenga nguzo fupi ya saruji, na juu yake tukaweka sismometa, chombo cha kupima mitikisiko ya ardhi. Kilikuwa cha mviringo, cha chuma, na kifuniko chake, basi tukakiita sufuria. Waya ulitoka kwenye sufuria ukafuata ukuta mpaka nje, kwenye kibanda cha mabati tulichoweka kompyuta na betri za gari, kwa sababu umeme wa mjini ulikuja ulipotaka, na kwenye paa tukafunga paneli ya umeme wa jua. Humo kibandani ndimo nilimokaa mwaka ule, nikiangalia mistari mitatu ikijichora kwenye kioo cha kompyuta. Profesa alikuja kila siku baada ya vipindi vyake, na kila siku tuligombana. Alitaka tuingie handakini bila viatu. "Prof, kuko baridi," nilimwambia. "Nyota haiulizake kama kuko baridi. Vua." Alitaka nisikohoe karibu na sufuria. Alitaka nisicheke kibandani. Alibandika njiani kipande cha katoni kilichoandikwa KIMYA, UTAFITI WA SAYANSI, HATA KUKIMBIA HAIRUHUSIWI, na matokeo yake watu ambao hawakuwahi kupita njia ile walianza kuipita, ili waone ni utafiti gani unaokataza watu kukimbia.

Likasi si mji wa kutafutia kimya. Nilimwambia hivyo mwezi wa kwanza, nikamwambia tena mwezi wa pili, na leo bado namwambia nikiwa peke yangu jikoni. Chini ya kilima yalipita malori ya madini, mengine yamebeba mzigo hadi vioo vya nyumba vinalia. Kiwandani mitambo ilisaga mchana kutwa. Mtaa wa pili kulikuwa na kanisa la uamsho lenye jenereta na ngoma, na kila walipoanza kuomba, mistari yangu mitatu ilinenepa kama imevimba. Profesa alikwenda kumwona mchungaji, nami nikamfuata ili nimzuie asitukane mtu. Mchungaji alitupokea vizuri, akatupa viti, akasikiliza habari yote ya nyota zinazogongana, mikono imekunjwa tumboni.

"Profesa," akauliza mwishowe, "ile nyota yako ilishakufaka zamani, haiko vile?"

"Njo vile."

"Basi inaweza ngoya kidogo. Bantu yangu bangali bazima."

Tulirudi nyumbani Profesa akiongea peke yake njia nzima. Mama Clarisse alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akaweka chini mwiko. "Kila muntu mu hii mji anachimba kintu ya kuuzisha," aliniambia, "leki bwana yangu anachimba kimya." Nyumba yao ilikuwa ya kampuni ya zamani, ya matofali mekundu, yenye vyumba vidogo na ukumbi uliojaa vitabu na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Mbabula, jiko la makaa, ilikaa nyuma, na kwa kuwa jiko la umeme lilikuwa pambo tu, moshi wake uliingia mpaka kwenye vitabu. Nilikula pale karibu kila siku: bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mto Lufira tukibahatika, na chikanda, mkate wa viazi-pori na karanga, ambayo Profesa aliikata vipande vyembamba mno, kama anapima kitu. Akila ndipo alipokuwa mkali zaidi. Ilitosha mtu aseme kwenye redio kwamba nchi yetu ni tajiri. "Tajiri ya nini?" aliiuliza redio. "Congo inatoaka nini ku dunia? Mawe! Siku yote mawe! Banabeba mawe, banatengeneza kintu, banaandika jina ya inchi ingine juu yake, na shiye tunapiga makofi. Minye nataka, mara moya tu, tutoe kintu yenye haiingie mu gunia." Mama Clarisse alimwambia ale, chakula kinapoa. Mimi nilikuwa nawaza ile safari ya masomo.

Lakini nisiseme uongo kwa ajili ya hasira. Kulikuwa na siku ambazo mwaka ule ulikuwa mzuri. Jumapili moja alasiri, mvua ilikuwa imewafungia watu wote ndani, malori hayakupita, na mistari yangu ilitulia mpaka nikadhani waya umekatika. Nikaikuza kwenye kioo. Mstari haukuwa umenyooka. Ulipanda na kushuka polepole, kwa mpigo mmoja usiochoka, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilimpigia Profesa simu nikiamini nimeharibu kitu. Alikuja chini ya mvua, viatu mkononi, akatazama, na kwa mara ya kwanza akanyamaza mbele yangu. Kisha akasema ile ni bahari. Mawimbi ya maji ya Atlantiki yanapogongana huko mbali, yanaipiga sakafu ya bahari, na bara zima linatikisika mpaka kwetu, mpaka ndani ya jiwe la Panda. Sijawahi kuiona bahari. Tulikaa tukiitazama mpaka mvua ikaacha na lori la kwanza likaifuta.

Kero kubwa kuliko zote ilikuwa upande wa pili wa kilima. Huko walichimba kwa mikono vijana na wazee waliokuwa wamechoka kusubiri kazi, wakafuata mshipa wa madini kwenye mashimo yasiyo na nguzo, mahali palipopigwa marufuku na wakuu, na wakuu wale wale wakipapita kila siku bila kuona mtu. Kiongozi wa kundi lililokuwa karibu nasi aliitwa Trésor, mwanamume mfupi, mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika mbali. Nyundo zao nilizijua kuliko sauti za ndugu zangu. Kwenye kioo zilikuwa miiba: mingi asubuhi, inakatika saa ya kula, inarudi mizito mchana. Profesa alipanda mara nyingi kwenda kubishana nao.

"Unataka tuchimbe polepole, Prof?" Trésor alimwuliza siku moja nikiwapo.

"Apana. Nataka musichimbe."

Walicheka kwa muda mrefu, bila ubaya, wakamkaribisha kinywaji cha munkoyo kwenye kopo la bati. Kati yao alikuwako mtu mzima aliyeitwa Vieux Mwamba, yaani Mzee Mwamba, ambaye hakucheka. Alimwuliza Profesa, kwa heshima kabisa, kama sufuria yetu inaweza kujua jiwe litakaloanguka kabla halijaanguka. Profesa akasema hapana, haiwezi. Mzee akasema basi, merci, akarudi kazini. Tulishuka kilima Profesa akiwa na povu la munkoyo kwenye masharubu na hasira mara mbili ya aliyopanda nayo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Tulikuwa tumebakiza wiki chache kumaliza mwaka, na nilikuwa nimeshaanza kuuliza watu bei ya masanduku ya safari, pale asubuhi moja mistari yote mitatu ilipojitupa juu kwa pamoja, ikatetemeka, ikashuka. Kisha miiba ikakoma. Hakuna nyundo. Nilitazama mstari uliolala, nikafurahi, na furaha hiyo naikumbuka kama ilivyokuwa: nilidhani wamefukuzwa hatimaye. Nikampigia Profesa: "Prof, kimya! Banaacha!" Alifika na pikipiki ya kukodi akitabasamu, amebeba maandazi ya beignet kwenye karatasi ya gazeti. Tulikula tumesimama. Ndipo alama ndogo zikaanza kutokea, nyepesi mno, tano au sita pamoja, kisha hakuna, kisha tena. Nikasema ni mbuzi. Profesa akainamia kioo. Beignet ilikuwa mkononi mwake na hakuimaliza. Alisema kwa sauti ya chini: "Mbuzi haipumzikake vile, Solange. Ile njo muntu."

Tulizunguka kilima mbio, sisi tuliokataza watu kukimbia. Upande wa pili mlango wa shimo la akina Trésor haukuwapo tena. Kulikuwa na udongo mwekundu unaotiririka maji, na watu wakichimbua kwa mikono, na wanawake wamekaa chini wakilia. Watatu walikuwa ndani: Trésor, mdogo wake Junior, na Vieux Mwamba. Mkuu mmoja wa serikali alikuwa ameshafika na buti zake safi, na alikuwa akiwaambia watu watawanyike. Kwake yeye ndani hakukuwa na mtu, kwa sababu mahali pale pamekatazwa, na mahali palipokatazwa hapawezi kuwa na watu. Alilisema hilo mbele ya mke wa Trésor. Profesa alimfungulia simu yake, akamwonyesha picha ya mistari niliyokuwa nimeipiga.

"Unaona hii? Bangali bazima."

"Professeur, hii ni mistari."

"Ni muntu anapiga jiwe!"

"Ni mistari," mkuu akarudia. "Na hata kama bilikuwa bantu, bilishakufa."

Nimemwona Profesa akiwa amekasirika maelfu ya mara, lakini siku ile hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nirudi kibandani, nisiondoe macho kwenye kioo, na simu iwe sikioni. Akamtuma mtu kwa mchungaji, na mchungaji, nikiri hili, alizima jenereta katikati ya ibada, akawanyamazisha wapiga ngoma, akaja mwenyewe na shati lake jeupe na sepetu. Malori hayakusimama, nani angeyasimamisha. Nikasikia kwenye simu Profesa akiomba nyundo kubwa kabisa. Akaniambia: "Solange, napigisha mara tatu. Unaangalia?" Nikaona miiba mitatu, minene. "Naona." "Sasa ngoya." Nilingoja. Lori likapita, mistari ikavimba, nikalitukana. Likaondoka. Mstari ukatulia, na juu ya utulivu huo, nyembamba kama unywele, zikatokea tatu.

"Banajibu!" nilipiga kelele. "Prof, tatu! Banajibu!" Na kwenye simu nikasikia wanawake wakisimama.

Udongo wa mlangoni haukuondoleka. Walipoutoa, mwingine ulishuka. Trésor alikuwa amefuata mshipa wake kuelekea kwetu, hilo tulilijua kwa sababu miiba yake ilikuwa imenenepa mwezi hadi mwezi na tulikuwa tumemlaani kwa ajili yake. Kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kupitia handaki letu. Lakini tutoboe wapi? Ukuta ulikuwa mrefu. Sufuria moja haiwezi kukuelekeza. Ilikuwa lazima iondolewe pale ilipo, iwekwe hapa, isikilize, iwekwe pale, isikilize, mpaka tujue ni wapi sauti ilipo na nguvu zaidi. Kuiondoa kulimaanisha kwamba mwaka umekatika. Profesa alilijua hilo, na mimi nililijua, na nilikuwa nimesimama nyuma yake na taa wakati alipoinama mbele ya nguzo ile ambayo hakuniruhusu hata kuikoholea. Alifungua waya, akaibeba sufuria kifuani kwa mikono yote miwili, akatembea nayo. Nilihesabu hasara yangu hapo hapo gizani, nikakuta machozi yananitoka, na sikuwa na uhakika yanamlilia nani.

Tulipata mahali. Profesa akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akasema: "Hapa." Wachimbaji wakaingia handakini na nyundo zao na viatu vyao vya matope, wakapokezana kupiga mchana ule, usiku, na asubuhi iliyofuata, mchungaji naye akibeba vifusi kama mtu yeyote. Kesho yake, jua likiwa juu, nyundo ikapenya. Walimtoa Junior kwanza, akiwa mweupe kwa vumbi, anatetemeka. Kisha Trésor, mguu umevunjika. Vieux Mwamba walimtoa mwisho, amefunikwa shati. Jiwe lilikuwa limemwangukia mwanzoni kabisa. Wale wawili walikuwa wamekaa naye muda wote. Mkuu mwenye buti alipiga picha akiwa karibu na machela. Profesa alikwenda kusimama mbele ya mwili wa yule mzee, akakaa hapo mpaka wakamchukua, na sikuthubutu kumkaribia.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali kumwona Trésor. Alikuwa amelala na mguu juu, bila kicheko chake. Alitushukuru mpaka Profesa akaanza kukasirika, kisha akauliza mashine yetu inaendeleaje.

"Mashini iko muzuri," Profesa alisema. "Mwaka njo uliharibika."

"Namna gani mwaka inaharibika?"

Profesa akavuta kiti, akamweleza. Alianzia katikati, na nyota zilizokufa. Trésor alisikiliza yote, kisha akafumba macho, na nikadhani amelala. "Basi mulikuwa munatusikiaka siku yote," alisema. "Hata Vieux Mwamba. Kila nyundo yake iko mule ndani." Profesa akasema ndiyo, iko mule ndani, yote. Trésor akaniomba siku moja nimwonyeshe. Nilimwonyesha baadaye, kwenye kioo, na alitazama miiba ile kwa muda mrefu bila kuniuliza ipi ni ya nani.

Watafiti wa ng'ambo walitujibu kwa adabu. Mwaka ulikuwa na pengo. Mahali penyewe, walivyoona, palikuwa na kelele nyingi. Kituo cha Likasi hakingeingia kwenye kazi yao. Waliguswa na habari ya uokoaji. Walikuwa tayari kumtaja Profesa kwa jina lake, mwishoni, kati ya watu wanaoshukuriwa. Profesa aliwajibu kwamba hataki jina lake, anataka jina la nchi. Wakasema hilo haliwezekani, kanuni haziruhusu, lakini jina lake linawezekana. Akasema basi, hapana. Aliliripoti hili mezani akivunja bukari kwa utulivu, na mimi nikalipuka. Sikuwahi kumpigia kelele mtu mzima kama siku ile.

"Prof, ubaache baandike jina yako! Ni jina! Kalenga ni jina ya wapi? Bataona inatoka Congo!"

"Bataona muntu moya," alisema. "Bataona muntu moya mwenye akili, mwenye alitoka inchi ya mawe. Bilishaonaka bantu kama bale. Minye nataka baone inchi."

"Na minye? Mwaka yangu? Masomo yangu?"

Akaweka tonge chini. Akasema: "Weye uko na haki, Solange," na hakuna jibu lingeweza kunikasirisha zaidi, kwa sababu baada ya hilo hakubadilisha kitu. Mama Clarisse naye akawa upande wangu, akamwambia ni kichwa ngumu, ni jiwe kuliko mawe anayoyalaumu. Alikubali hata hilo. Nilitoka bila kuaga. Mpaka leo, nikisoma mahali popote majina ya nchi zilizosaidia kusikia nyota, natafuta letu, nikijua halimo, na nikiona halimo nakasirika upya, na sijui nimkasirikie nani: wale wenye kanuni zao, au huyu aliyekataa nusu kwa sababu hakupewa nzima.

Nilirudi baada ya siku chache, kwa kuwa sufuria ilikuwa ya kuazimwa na ilibidi irudishwe, na hakuna mwingine aliyejua kuifunga. Nilikuwa nimeshapata kazi kwenye kiwanda kimoja. Walikuwa wamenisikia kwenye habari ya uokoaji na ghafla uzoefu wangu ukawatosha. Tulifungua kila kitu, mimi na Profesa: waya, betri, kompyuta, tukaiweka sufuria kwenye toroli na kuizungushia blanketi. Mvua ilikuwa imebomoa njia ya kawaida, kwa hiyo tulishuka kwa upande wa pili, yeye akisukuma, mimi nikishika mbele ili lisipinduke. Na huko, kwa kuwa hivi ndivyo Likasi ilivyo, walikuwa wamerudi. Mashimo mapya, karibu kabisa na yale ya zamani, nyundo kila upande, na Trésor mwenyewe amekaa juu ya jiwe na magongo yake, akiwaelekeza wengine. Profesa aliwatazama, na nikaona shingo yake ikijaa.

Mmoja wao alituona. Alimgusa mwenzake, akaweka nyundo chini. Mwenzake akaweka yake. Jambo hilo likapita kutoka shimo hadi shimo, watu wakitoa vichwa nje, wakisimama, wakivua kofia, mpaka kilima chote kikawa hakina sauti hata moja.

Profesa akasimamisha toroli.

"Sasa!" alipaza sauti, na sauti ikavunjika. "Sasa njo munanyamaza! Mwaka muzima nilikuwa naomba! Mwaka muzima! Na leo, mashini iko mu brouette, njo munanyamaza?"

"Prof," Trésor alisema kutoka juu ya jiwe lake, "ni heshima."

"Heshima gani? Pigeni! Endeleeni kupiga!"

Hakuna aliyeinua nyundo. Profesa alifungua mdomo kuwakaripia tena, kisha akaufunga. Alisimama ameshika mikono ya toroli, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na nikamwona anasikiliza. Nilitaka kumwambia kitu, nikaogopa kwamba ningekuwa mimi ndiye wa kukiharibu kimya kile. Halafu kule chini barabarani lori la madini likapiga honi, ndefu, bila sababu yoyote, na Profesa Kalenga akageuka, akainua ngumi, akalitukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili mpaka likapotea kwenye kona.